Mifupa ya Mama Mkwe

Mfupa ulipovunjika, Bibi Limi aliusikia kwa ndani kabla maumivu hayajamfikia. Ulisema kraa, kama bua la mtama lililokaukia shambani, na tangu hapo mkono wake wa kulia ukawa na viwiko viwili: kimoja alichopewa na Mungu, kingine alichopewa na mkwewe.

Mkwewe mwenyewe, Nasibu, alikuwa bado ameushika ule mkono, macho yamemtoka. Alikuwa amemvuta bibi kutoka kwenye mkanda wa karasha, ile mashine ya kusagia mawe ya dhahabu, kwa sababu ncha ya kitenge chake ilikuwa imeanza kuliwa na mkanda, na mkanda ule ukishaanza kula hautemi. Mwaka jana ulikula nywele za mtu pamoja na ngozi iliyozishika. Nasibu hakufikiri. Alidaka mkono uliokuwa karibu, akavuta mara moja, kitenge kikachanika, bibi akatoka mzima isipokuwa huo mkono.

Sasa wanawake waponda mawe wa machimbo ya Nyamawe walikuwa wamekaa upande wa pili, kila mmoja na jiwe lake na nyundo yake. Walichokiona wao ni mgongo wa Nasibu, mkono wa bibi ukivutwa kama kamba ya ng'ombe, kisha bibi mwenyewe chali mavumbini, hana kitenge, yuko na gagulo lake la maua. Philomena, jirani yao wa ukuta kwa ukuta, alitupa nyundo, akaweka kiganja mdomoni, akapiga mwano, ule ukunga wa Kisukuma ambao mtu akiusikia huacha hata uji ukiungua.

"Amemuua bukwi wake! Jamani, Nasibu amemuua mama mkwe!"

Usukumani mkwe wa kiume na mama mkwe, huyo ndiye bukwi, hawagusani. Wakikutana njiani mmoja huingia majanini mpaka mwenzake apite. Nasibu alikuwa mtu wa kuja, kwao Kondoa, na siku ya kwanza kuletwa nyumbani na Hosiana, binti wa bibi, alimshika Bibi Limi mkono kwa mikono miwili, akasema shikamoo mama, akautikisa. Watu walishika vichwa. Baadaye akamjengea chumba uani kwake. Watu wakashika vichwa tena. Bibi Limi hakushika chochote. Chumba kilikuwa na bati jipya na godoro nene, na mila kwa miaka yote aliyoitumikia haijawahi kumletea godoro.

Lakini watu wana macho. Kwa miezi mingi walikuwa wakiona mabaka meusi mikononi mwa bibi, leo moja, kesho mawili. Waliuona mgongo wake ukipinda. Masika alikaa wiki tatu ameshika ubavu, akiulizwa anasema amekohoa. Nani anavunjika ubavu kwa kukohoa? Philomena alishawaambia wenzake penye mawe, "Yule mama anapigwa. Anapigwa na mkwe, ndiyo maana anaona aibu kumtaja." Basi jambo lilikuwa limeshapikwa zamani, lilingoja kupakuliwa tu.

Sungusungu, walinzi wa jadi wa kijiji, walifika kabla vumbi halijatua. Walitoka mashimoni, walitoka vilabuni, walitoka hata msalani wengine, thelathini na kitu, wana fimbo na minyororo ya pikipiki. Mbele yao alikuwa Makoye, nsumba ntale, yaani mkuu wa vijana, mtu mwenye shingo kama kinu. Makoye huyo mama yake alikufa yeye akiwa bado ananyonya, na aliyemlea kwa uji wa ulezi ni Bibi Limi. Alipomwona chini, mkono umekunjika pasipo na kiungo, hakuuliza swali.

Fimbo ya kwanza ilimpata Nasibu shingoni. Ya pili ikampata mdomoni. Alikuwa akisema, "Mkanda, ule mkanda ulikuwa una..." na mnyororo ukamalizia sentensi. Alipiga magoti. Wakamwinua ili wampige vizuri. Bibi Limi, akiwa amelala ubavu, aliyaona yote kupitia katikati ya miguu ya watu: kiatu kikipanda na kushuka, jino likiruka na kutua karibu na pua yake, sikio la mkwewe likining'inia kama limeshonwa na fundi mlevi. Hosiana alikuja mbio kutoka kwenye genge lake la chakula na mwiko mkononi, akampiga mtu wa kwanza kichwani kwa mwiko, mtu wa pili akamkamata nywele akamtupa kwenye rundo la mawe.

"Mwacheni!" Bibi Limi alilia. "Hakunipiga!"

"Mmemsikia?" Philomena akadakia. "Anamficha! Kila siku ndivyo anavyomficha!"

Na hapo maumivu, ambayo yalikuwa yamechelewa njiani, yakafika yote kwa pamoja. Bibi Limi akazimia.

Alipozinduka, Makoye alikuwa amechuchumaa karibu naye, anamfunika gagulo kwa koti lake, machozi yanamtoka.

"Mayu, mama yangu, unakwenda zahanati sasa hivi. Marcel atakupeleka kwa pikipiki. Huyu tunamfunga hapa mpaka urudi." Akasimama, akawaambia watu wote, "Sheria yetu mnaijua. Alivunja mkono, tunavunja mkono. Ule wa kulia, juu ya jiwe, kwa nyundo, na mayu awepo aone. Mayu asiporudi mzima, jiwe ni lile lile, ila tutaweka kichwa."

Watu wakasema naam.

Nasibu alikuwa mwendesha karasha, na mwendesha karasha asiye na mkono wa kulia ni mtu wa kuombaomba. Bibi Limi alilijua hilo vizuri kuliko sala ya jioni. Alipandishwa nyuma ya Marcel, mkono umefungwa kifuani kwa khanga ya mtu, na kila shimo la barabarani lilimpiga kwa zamu yake. Mawazo yake yalikuwa kule nyuma. Alikuwa anafikiria nyundo ya Philomena. Alikuwa anaijua. Ina kilo mbili na nusu.

*

Zahanati ilikuwa na tabibu mmoja, Noela, binti mwembamba mwenye miwani na haraka. Alimchoma bibi sindano ya maumivu, akaunyoosha mkono kidogo kidogo, akaubana kwa vipande viwili vya ubao na bendeji. Bibi Limi alitukana kwa Kisukuma mwanzo mpaka mwisho, na Noela, ambaye naye ni Msukuma, alijifanya hasikii.

"Alikuvuta kwa nguvu kiasi gani, bibi?"

"Kama unavyomvuta mtoto asikanyage moto. Si zaidi. Fanya haraka, mwanangu, wanataka kumponda mkono."

Noela aliacha kufunga. Akamtazama usoni kwa muda, kisha akatazama yale mabaka, akayabonyeza kwa kidole. Akachukua karatasi na simu.

"Nijibu maswali machache. Yanaweza kumsaidia huyo mkweo kuliko kukimbia. Umri?"

"Sabini na moja. Andika sitini, kuna wanaume nje."

"Umewahi kuvunjika kabla ya leo?"

"Ubavu. Nilikohoa."

"Kukohoa tu?"

"Tena kwa adabu, kanisani."

Noela hakucheka. "Mama yako mzazi je? Aliwahi kuvunjika nyonga?"

"Aliinama kumshika kuku, nyonga ikaachia. Kuku alipona. Mama hakuinuka tena."

"Hedhi ilikoma una miaka mingapi?"

"Arobaini. Nilifanya sherehe."

"Unavuta tumbaku?"

"Kiko kimoja asubuhi. Na kimoja jioni, kumsindikiza cha asubuhi."

"Simama pale ukutani." Akampima. "Zamani ulikuwa mrefu zaidi ya hapa?"

"Nilipoolewa nilikuwa naona utosi wa mume wangu. Mwaka aliokufa nilikuwa naona kidevu chake, na yeye hakuwa amerefuka."

Noela aliandika. Kisha akaweka kalamu chini, akayatazama mashavu ya bibi, mashavu mazuri ya mviringo, yanayong'aa, juu ya mwili uliokonda kama ufito. Mashavu hayo Bibi Limi alikuwa akijivunia penye mawe mwaka wa pili sasa. Wenzake wakimuuliza siri yake, alikuwa akijibu kwamba ni neema ya Bwana kwa wasio na roho mbaya, huku akimtazama Philomena.

"Bibi, unameza nini?"

Bibi Limi aligeuza shingo. Akatazama dirisha. Dirishani hakukuwa na msaada.

"Vidonge," akasema. "Vya mnadani. Kuna kijana mmoja mwenye spika, anauza dawa ya mgongo na viungo, kopo lina picha ya simba. Nilikuwa siwezi hata kuinua nyundo. Nikameza, kesho yake nikaponda mawe ya watu wawili."

"Kila siku?"

"Viwili kila siku. Miaka mitatu."

Noela alivuta pumzi. "Kopo sijaliona, lakini mwili wako unaniambia kilichomo. Ni dawa kali, zinaitwa steroidi. Maumivu yanatulia, uso unajaa, na huku ndani mifupa inaliwa kama boriti yenye mchwa. Ngozi nayo inakuwa karatasi, ukiguswa tu damu inavilia. Hayo mabaka hayakupigwa na mtu. Na usije ukaviacha leo kwa hasira, utaanguka, tutavipunguza polepole." Akabonyeza simu, akangoja, akasoma. "Nimeingiza yote uliyonijibu kwenye hesabu ya simu, inayopima hatari ya mifupa kuvunjika. Katika miaka kumi ijayo..."

"Kumi!" Bibi Limi alishtuka. "Mungu akubariki, mimi nilikuwa nimejipa mitatu."

"Sikupi miaka, bibi, nakupa hatari. Nikiweka wanawake kumi wenye mifupa kama yako, kama watano hivi watavunjika tena, mgongo au nyonga au mkono. Na wewe umeshawatangulia. Huhitaji kuanguka. Mtu akikukumbatia kwa nguvu, ubavu unaweza kwenda. Mtu asikuinue kwa kukubana mbavuni, hata siku moja."

"Hata anayenipenda?"

"Huyo ndiye wa kuogopa zaidi."

Bibi Limi alilitafuna neno hilo kwa meno yaliyobaki.

"Sasa nakupeleka Geita, hospitali, upigwe eksirei," Noela akasema.

"Kuna mkono mwingine kabla ya wangu. Chukua hiyo karatasi yako, panda pikipiki, twende Nyamawe."

*

Karasha lilikuwa limezimwa. Nyamawe bila mngurumo wa karasha ni kama mtu aliyekata roho, kila mtu anaongea kwa sauti ya chini bila kujua kwa nini. Nasibu alikuwa amefungwa kwa waya kwenye mguu wa mashine, uso umevimba hadi macho yamebaki kama nyuzi mbili. Mkono wake wa kulia ulikuwa umelazwa juu ya jiwe la kupondea, vijana wawili wameukalia. Hosiana alikuwa amefungwa khanga mdomoni, kwa sababu alikuwa ameshamng'ata mtu.

"Shikamoo, mayu," Makoye akasema. "Pole. Tulikungoja."

"Marahaba. Mfungue."

"Hiyo hapana, mayu."

Noela alijitokeza mbele na karatasi yake. Akawaeleza, na alieleza vizuri: mifupa ya watu wa umri ule, ukuta wa nje na matundu ya ndani, hatari inavyopimwa, maswali na majibu yake. Walimsikiliza kwa adabu mpaka akamaliza.

"Daktari," Makoye akasema, "mfupa wa mtu si biskuti. Mimi niliangukiwa na gogo la shimoni, hapa begani. Si mimi huyu nimesimama?"

"Una miaka thelathini na nne, kaka yangu. Yeye ana..."

"Karatasi hiyo ameandikiwa nani?" Philomena alipaza sauti. "Kuna siku karatasi iliona mtu akipigwa?"

Watu wakaguna kumuunga mkono. Ndipo Bibi Limi, aliyekuwa ameketishwa juu ya gunia la mawe, akafanya kitu ambacho kilimuuma kuliko ule mkono. Alisema ukweli kuhusu mashavu.

"Nisikilizeni. Huu uso mnaouona si neema ya Bwana. Ni wa kijana wa spika. Nameza vidonge viwili kila siku, nimevificha kwenye kiatu cha marehemu. Hivyo ndivyo vilivyoninenepesha hapa juu na kunila huku ndani. Mabaka ni ya vidonge. Mgongo ni wa vidonge. Huyu kijana wa watu kosa lake ni kunitoa kwenye mkanda."

Mtu mmoja akacheka, halafu wengi. Philomena hakucheka. Alikuwa anamtazama kwa huruma, na huruma ya Philomena ilikuwa mbaya kuliko fitina yake.

"Masikini Mama Hosiana," akasema. "Mmeona alipofikishwa? Anajidhalilisha mbele za watu ili huyu mnyama apone. Ponda, Makoye. Akibaki na mkono atarudi kummaliza."

Makoye aliitikia kwa kichwa. Kijana mmoja akainua nyundo ya kilo mbili na nusu, akaishusha kwa majaribio juu ya kidole cha mwisho cha Nasibu. Kidole kikapasuka kama nyanya iliyokanyagwa. Nasibu alitoa sauti iliyowakimbiza mbuzi wa jirani. Damu ilimrukia Hosiana usoni. Nyundo ikainuliwa tena, safari hii juu ya kifundo cha mkono.

"Ngojeni!" Bibi Limi akapiga kelele.

Nyundo ikabaki hewani.

"Mlisema nione. Nimekaa huku chini naona makalio ya watu tu. Makoye, mwanangu, njoo uniinue. Miguu haina nguvu. Niinue juu kabisa, kama nilivyokuwa nakuinua wewe."

Noela aligeuka ghafla. "Bibi, hapana! Si kwa mbavu..."

"Nyamaza, binti. Hii ni ya kwetu wenyewe."

Na Makoye, machozi yakiwa bado hayajakauka, akaja. Akainama. Akapitisha mikono yake miwili ya kuchimbia mawe chini ya makwapa ya yule mama aliyemnywesha uji, taratibu, kwa mapenzi yote aliyokuwa nayo, na akamwinua.

Kraa. Kisha kraa nyingine, ndogo, kama inaiga ya kwanza.

Kwa kuwa karasha lilikuwa limezimwa, kila mtu alisikia. Kijana wa nyundo alisikia. Makoye aliisikia viganjani. Bibi Limi alifungua mdomo na hewa haikuingia wala kutoka. Alining'inia mikononi mwake, uso umegeuka rangi ya majivu, mpaka Makoye alipomrudisha juu ya gunia.

"Mayu? Mayu! Sijafanya... nimekushika tu!"

Maneno yalimtoka bibi moja moja, kila moja kwa gharama yake. "Haya. Nsumba ntale. Sheria. Unaijua. Mkono wako. Weka kwenye jiwe."

Alikuwa amekusudia kuwanyamazisha. Hakukumbuka kwamba watu thelathini wenye fimbo, damu zikiwa zimeshachemka, hawajui kunyamaza. Marcel wa pikipiki, ambaye kaka yake alichapwa na Makoye mwezi uliopita kwa kosa lisilo lake, alikuwa wa kwanza. Fimbo yake ilimpata Makoye juu ya jicho, nyama ikafunguka hadi mfupa mweupe ukaonekana. "Amemvunja! Sote tumesikia!" Mwingine akampiga mgongoni. Wawili waliokuwa wameukalia mkono wa Nasibu waliinuka, wakamkamata mkuu wao, wakamburuta hadi kwenye jiwe lile lile, na kijana wa nyundo, ambaye kazi yake ilikuwa kuponda tu, akainua tena.

"Jamani, ni mimi!" Makoye alipiga kelele. "Nimemwinua tu! Nyote mmeona nimemwinua tu!"

"Na yeye alimvuta tu," akasema Bibi Limi.

Hakusema kwa sauti. Hakuwa na pumzi ya sauti. Lakini Philomena alikuwa amesimama karibu, akasikia, na kitu kikamgeuka usoni. Alimtazama Makoye pale jiweni. Akamtazama Nasibu. Akatazama mikono yake mwenyewe, ambayo asubuhi ile ile ilimpapasa bibi mgongoni kumsalimia, na akaificha ndani ya khanga kana kwamba imeiba.

Kisha alimrukia kijana wa nyundo, akamng'ata kiwiko, nyundo ikaanguka.

"Basi!" akapiga kelele. "Basi, wajinga nyie! Mama amesema kweli!"

Mtu aliyepiga mwano ndiye pekee anayeweza kuuzima. Fimbo zilishuka moja moja. Makoye aliinuka, damu inamwagikia kifuani, akaenda mwenyewe kwenye mguu wa mashine. Ule waya ulikuwa umekazwa sana, ikabidi aufungue kwa meno. Hakumwomba Nasibu radhi. Hakuna mtu anayejua radhi ya namna hiyo inaanzaje.

Noela alikuwa anapiga simu kutafuta gari. Gari lilipatikana, likasimama juu kwenye barabara, maana huko chini penye mawe haliwezi kufika. Akasema, "Anyanyuliwe. Wanaume wanne."

Hakuna aliyesogea. Sungusungu thelathini na kitu, watu wanaolala na nyoka mashimoni, walirudi nyuma wameweka mikono mgongoni. Makoye aliangalia pembeni. Marcel akasema mgongo unamuuma. Bibi Limi aliketi pale juu ya gunia kama sahani ya harusi ambayo kila mtu anaogopa kuwa wa mwisho kuishika, na kila pumzi ilikuwa inamchoma mahali pawili.

Aliyekuja alikuja kwa kutambaa, kisha kwa magoti, kisha kwa miguu, Hosiana, aliyeshafunguliwa, amemshika kiunoni. Mkono wake wa kulia ulikuwa umezungushiwa khanga iliyolowa. Hakuwa anaona vizuri. Alimtafuta mama mkwe wake kwa sauti ya kupumua.

"Mama," Nasibu akasema kwa mdomo usio na meno ya mbele. "Nikushike wapi?"

"Popote, mkwe. Pote ni pabovu."

Noela aliwaonyesha: mkono mmoja chini ya mapaja, mwingine nyuma ya mabega, mbavu zisiguswe. Nasibu aliingiza mkono wake mzima upande mmoja, Hosiana wake upande wa pili, wakainua. Watu wakapisha njia. Wazee wachache waliona mkwe amembeba bukwi wake mchana kweupe, wakafungua midomo, wakaifunga.

Ulikuwa ni mlima kidogo kufika barabarani, na Nasibu aliteleza mara mbili. Hakuna mfupa mwingine uliovunjika njiani. Au kama ulivunjika, Bibi Limi hakusema.